Mpwa Wangu Anataka Nimbariki Aende Kupasuliwa, Mama Yake Amekataa Kushika Kikombe

Kwako Mama Ndambiri, mshauri wa safu hii, pokea salamu kutoka Timau. Naomba msaada, na ujue mimi si mtu wa kuomba msaada, mimi ndiye huombwa. Jina langu ni Salesio Muthamia, dereva wa kombaini, na kama umewahi kupita huku kwetu wakati wa mavuno ukaona mashine nyekundu ikinyoa ngano mlimani kama kinyozi anayemnyoa mtoto aliyelala, basi ulikuwa unaniangalia mimi. Shule niliachia darasa la sita, si kwa ujinga, walimu ndio walikuwa wameishiwa na vitu vya kunifundisha. Mwaka fulani ndovu alitoka msituni akaingia katikati ya ngano ya watu, wenzangu wakakimbia mpaka kuna viatu havijapatikana hadi leo, mimi nikashuka kwenye mashine nikamuuliza, "Wewe, hii ngano ulipanda na nani?" akainamisha masikio akarudi alikotoka. Hayo nakuandikia ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeketi hapa sasa na kalamu akiomba msaada.

Wewe ni mtu wa Embu kwa hivyo unaelewa, lakini kwa wasomaji wa mbali wacha nieleze. Kwetu mjomba, yaani ndugu ya mama, si mtu wa mchezo. Akikubariki umebarikiwa, akikasirika nawe hata ng'ombe wako wanajua. Katika ukoo wetu mtoto wa dada akiwa na safari kubwa, iwe ni ndoa au kazi ya mbali, anakuja kwa mjomba asubuhi, mama yake mzazi anashika kikombe cha maziwa, mjomba anajaza mdomo na kumpulizia mtoto viganjani na kifuani, kisha anasema neno lake, na hilo neno likishatoka halirudi. Kikombe lazima kishikwe na mama, ndivyo tulivyokuta. Na sijisifu, Mama Ndambiri, lakini mdomo wangu unajulikana. Nilibariki ng'ombe tasa wa jirani akazaa pacha, majike wote wawili. Nilibariki lori la viazi lililokuwa limekwama kwenye matope tangu alfajiri, likatoka lenyewe dereva akiwa bado anakunywa chai.

Sasa dada yangu Kaari ana binti anaitwa Winrose, mpwa wangu wa kwanza, nilimbeba mgongoni mimi mwanaume mzima na sikuona haya. Anafanya kazi kwenye shamba la maua, kule wanakopanga maua mafungu mafungu yaende ng'ambo, na ana kasichana kadogo ka nasari anayemlea peke yake. Mwaka huu akiwa anaoga akagusa kitu kwenye titi la kushoto, kigumu kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi. Hakuambia mtu, alikwenda kliniki peke yake, wakamtuma hospitali kubwa, wakamtoa kinyama kidogo kwa sindano nene kikaenda kupimwa, na majibu yakarudi kwamba ni kansa. Daktari akamwambia imeonekana mapema, titi litolewe, wapime na zile tezi za kwapani, halafu ndipo waamue dawa za kufuata. Alitukusanya jikoni kwa mama yake akatuambia hayo yote akiwa amesimama, sauti imenyooka kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Kaari akaketi chini sakafuni.

"Mama, usiketi hivyo kama tumeshazika," Winrose akamwambia.

"Ukitolewa titi, wewe msichana, nani atakuoa?"

"Atakayenitaka anitake nikiwa hai."

"Kansa ikiguswa na kisu inakasirika, inatawanyika mwili mzima! Si ulimwona yule mama wa kwaya? Alipasuliwa akarudi kwa sanduku."

"Mama, yule alikaa na kidonda miaka akikifunika na leso. Alipelekwa wakati hapakuwa na cha kupasua."

Hapo Kaari akanigeukia mimi, na mimi wakati huo nilikuwa na githeri mdomoni. "Muthamia, si ni wewe ulitoa lori kwenye matope? Kwani donge ni zito kuliko lori? Mbariki huyu mtoto, uliambie hilo donge liyeyuke, tungoje mpaka mahindi yavunwe, ndipo tuone kama bado kuna haja ya kisu."

Sikusema siwezi, maana mimi sijui kusema siwezi, nilisema nitaangalia kalenda yangu. Lakini lori ni lori, Mama Ndambiri, na hata likibaki kwenye matope hakuna mtu analia.

Kukawa na nesi mmoja aliyempa Winrose namba ya simu ya mama wa huko Manyatta, karibu na kwenu Embu, anaitwa Igoki, ambaye alitolewa titi mwaka juzi na huwa anakaribisha wanawake ambao siku yao inakuja. Winrose akasema, "Mjomba, nisindikize," na nikakubali haraka kwa sababu nilidhani huyo mama atahitaji kutiwa moyo, na kutia watu moyo ndiyo kazi yangu.

Tulimkuta langoni, mwanamke wa rika langu, mfupi, kitambaa kichwani, gamubuti miguuni. Akanipima kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiye yule mjomba wa maziwa?"

"Ndimi mwenyewe," nikasema, nikajua Winrose ameshanisimulia kwenye simu.

"Basi leo mdomo upumzike. Keti hapo, usikilize."

Nilikaa. Sijui alinifanyia nini, nilikaa tu. Akaanza kumwambia Winrose mambo ambayo mimi na mdomo wangu sikuwahi kuyafikiria. "Kabla sijaenda," akasema, "nilishusha kila kitu cha juu jikoni. Sufuria, chumvi, majani ya chai, vyote vikashuka usawa wa kiuno, maana ukirudi ule mkono unakuwa mgeni, haufikii kitu. Nikatafuta rinda la vifungo vya mbele, kwa sababu nguo ya kuvaa kwa kichwa hutaiweza. Nikashona kimfuko cha kuning'iniza shingoni, cha kuweka ile chupa. Utatoka na mrija ubavuni unaodondosha maji kwenye chupa. Usiuogope, huo unakusaidia, acha wautoe wenyewe wakati ukifika. Nikatengeneza kimto kidogo cha kuweka kwapani, utanishukuru barabarani ukirudi nyumbani. Halafu nikamwambia mzee wangu, Njiru, wewe utajifunza kukama. Akaniambia ng'ombe atanikataa. Nikamwambia hata mimi nilikukataa mwanzoni."

Winrose akacheka, mara ya kwanza tangu majibu. Kisha akauliza polepole, "Na woga, mama?"

"Mkubwa. Niliingia nao. Hakuna mahali waliponiambia niuvue pamoja na viatu."

Halafu nikaona ukutani pale jikoni kuna alama za makaa, moja juu ya nyingine, kuanzia chini kidogo ya bega zikipanda. Nikauliza kama ni za kupima mtoto anavyorefuka. Igoki akasema, "Mtoto ni mimi." Akasimama akiuelekea ukuta, akaweka ncha za vidole kwenye alama ya chini, akavitembeza kupanda kama siafu, kidole hiki kinakipita kile, polepole, mpaka mkono ukanyooka wote juu. Akasema siku za kwanza alikuwa akifika pale pa chini anaona nyota, anapiga alama ya makaa, kesho yake anatafuta upana wa ukucha tu zaidi. Mama Ndambiri, mimi nimezaliwa chini ya Mlima Kenya, nimeuona kila asubuhi ya maisha yangu, na nimewaona Wazungu wakija kuupanda na kamba na kofia za chuma na chakula cha mikebe, lakini mlima wa kupandwa kwa vidole vitano jikoni, bila mtu wa kupiga picha, huo sikuwa nimeuona.

Akatoka nje tukamfuata, akashika tawi la mbuni kwa mkono huo huo, akalivuta chini na kuchuma kahawa zilizoiva kama hakuna kilichowahi kutokea. Kisha akaniangalia akasema, "Mzee, unataka kuona au unaogopa?"

"Mimi siogopi kitu."

"Basi mbona umegeukia mizinga ya nyuki?"

Akafungua vifungo vya juu, kwa heshima, huku Winrose amesimama ubavuni mwake. Nikaona. Kovu limelala kimya kifuani, limenyooka, ngozi imefunga vizuri, na upande mwingine uko kama Mungu alivyouweka. Nilijikuta nimevua kofia, na sijui niliivua saa ngapi. Winrose akanyoosha kidole, akauliza, "Naweza?" na Igoki akasema, "Gusa," na mtoto akagusa. Uso wake, Mama Ndambiri. Nimewahi kuona jua likitoka nyuma ya mlima asubuhi ya barafu, ngano yote inawaka mara moja. Ni hivyo.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa Kaari nikamweleza yote. Labda nilikoleza kidogo, nilimwambia Igoki aliinua gunia la simiti kwa mkono ule akalitupa juu ya pikipiki, lakini mengine yote yalikuwa kweli tupu. Kaari alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho. Akasema, "Hii ni ile ya ndovu, umeivalisha nguo mpya." Nikaapa. Akasema, "Hata ya lori uliapa." Basi, nimeona kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusimulia, na dada yangu anatoa mawe kwenye maharagwe.

Sasa tatizo lenyewe ni hili. Winrose ameitwa hospitali Alhamisi ya wiki ijayo. Jumapili baada ya kanisa alikuja kwangu akasimama mlangoni akasema, "Mjomba, nimejiandaa kila kitu. Rinda ninalo, kimfuko nimeshona. Lakini mguu wangu hauinuki bila neno lako. Nimejiambia huo ni ushamba, mimi ni mtu wa kisasa, nimeomba na pasta, na bado hauinuki. Nataka uniambie nenda." Na Kaari naye ametoa msimamo wake, anasema kikombe atakishika siku nitakaposema donge liyeyuke, lakini kama nitasema nenda kwa kisu, nikishike mwenyewe, na mtoto akifa nisikanyage kwake tena.

Na kuna jambo lingine ambalo hata mke wangu sijamwambia. Baraka hutoka kwa moyo mweupe, sivyo? Wangu haujawa mweupe. Umejaa woga. Nimejaribu kulifanyia mazoezi lile neno nikiwa juu ya kombaini, injini inanguruma hakuna anayenisikia, nasema "nen," inakwama. Mimi nikimfikiria mtoto yule amelala kwenye kitanda cha kupasuliwa, napita mstari mzima wa ngano bila kuukata. Sasa nikimpulizia maziwa hali mimi mwenyewe natetemeka, si nitakuwa nimempulizia woga? Na mdomo wangu una nguvu, hilo tumeshakubaliana. Je, neno likigeuka? Nimbariki aende, au nimfuate dada yangu tungoje, au nijifanye mgonjwa ile siku ipite?

Nijibu haraka, mama. Ni mimi,
Salesio Muthamia, Timau.

*

Bwana Muthamia,

Barua yako imeruka foleni kwa sababu Alhamisi haingoji zamu. Nimeshakupigia simu, na yale niliyokuambia huku ukinikatiza nayaandika hapa mahali ambapo huwezi kunikatiza, ili na wengine wenye binti, dada na wake wapate faida.

Kujifanya mgonjwa, futa hilo. Nyumba hiyo ina mgonjwa tayari, na hajifanyi.

Kuhusu woga wako. Nimelelewa na wazee wa Embu wanaojua mambo ya wajomba, na sijawahi kusikia hata mmoja akisema mjomba asimbariki mtoto kwa kuwa anamwogopea. Kinachochafua baraka ni kinyongo. Wewe una kinyongo na Winrose? Huna, umejaa mapenzi mpaka unatetemeka. Kuogopa ni namna ya kupenda mtu ambaye huwezi kumkinga. Igoki aliingia na woga wake chumba cha upasuaji, madaktari hawakumfukuza, na wewe hutafukuzwa. Bariki ukitetemeka. Maziwa yakimwagika kidogo kwenye shati, shati litafuliwa.

Kuhusu kungoja mahindi. Hapana. Kisu hakiikasirishi saratani, kinachoisaidia ni muda, na huo muda ndio dada yako anataka kuipa bure. Yule mama wa kwaya hakuuawa na upasuaji, alicheleweshwa na leso. Winrose ameonekana mapema, na hiyo ni nafasi ambayo wanawake wengi wanaoniandikia hapa hawakuipata. Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Mimi si daktari, na daktari mkweli pia hatakuahidi. Ninachokuambia ni kwamba akienda Alhamisi ana njia mbele yake, na akingoja kila wiki njia hiyo inazidi kuwa nyembamba. Na wewe usithubutu kuliambia donge liyeyuke, hata kwa kumfurahisha Kaari. Ukitamka hivyo, mtoto atakaa nyumbani akisubiri mdomo wako ufanye kazi ya hospitali.

Sasa lile gunia la simiti. Bwana Muthamia! Ulikuwa na ukweli mzima mkononi, ukweli uliokuvua kofia, ukaona haujatosha, ukaupandisha kwenye pikipiki! Kaari ana haki ya kuchambua maharagwe yake. Na tena umesema jambo la hatari, kwa sababu mwanamke aliyetoka kutolewa titi hatakiwi kuinua kitu kizito. Winrose akikusikia akajaribu kubeba hata ndoo ya maji wiki za kwanza, kidonda kinaweza kufunguka na mkono ukavimba. Rudi kwa dada yako leo umwambie, "Gunia halikuwapo." Neno moja hilo tu, usilirembe.

Haya, kazi. Mwambie Winrose amweleze daktari dawa zote anazokunywa, hata mizizi ambayo mama yake anamchemshia, na asifiche, maana nyingine hufanya damu isigande. Wakimwambia asile wala asinywe kuanzia saa fulani, wanamaanisha hata maji. Najua jamaa zenu, watakuja na chupa ya uji wa kumtia nguvu asubuhi ile ile. Wewe simama mlangoni uunywe mwenyewe. Kwa hiyo baraka yako na maziwa yako viwe Jumatano mchana, visiwe Alhamisi.

Akirudi nyumbani, mkono ule hautakiwi kufungwa ukakaa kama umevunjika, na pia hautakiwi kulazimishwa. Wataalamu watamwonyesha mazoezi, kuchana nywele, kuzungusha bega, kutembeza vidole ukutani, na afanye kama alivyoonyeshwa, siku zote, hata zile anazolia. Kuni za kamba ya kichwani na madumu ya maji asiguse mpaka daktari aseme. Akiwa ametolewa tezi za kwapani, aulize kuhusu kudungwa sindano na kupimwa presha upande ule. Akipata homa, au kidonda kikawa chekundu na moto, au kikatoa usaha, au mkono ukafura, ni hospitali siku hiyo hiyo, hakuna kungoja Jumatatu. Wageni waje wachache, waoshe vyombo, waende. Yule mtoto wa nasari aambiwe ukweli kwa lugha yake, kwamba mama ana kidonda kifuani na kukumbatia ni upande wa kulia. Na kidonda kisipakwe chochote ambacho hospitali haikutoa, si majani, si asali, si siagi. Na ninasema hili kwa herufi kubwa moyoni mwangu: mate yako na maziwa yako yakae mbali na kidonda hicho. Viganja vyake vinatosha.

Kuna jambo sikuliona katika barua yako. Umeniandikia ndovu, kombaini, lori, Igoki na mlima, lakini hukuniambia mtu yeyote amemuuliza Kaari anaogopa nini. Kwenye simu nimekusikia ukisema ni mkaidi. Mimi nimesoma mama ambaye aliketi sakafuni. Mtu hakai sakafuni kwa ukaidi. Anadhani akikishika kile kikombe na mtoto akafa, mkono wake ndio ulioshiriki. Kwake kikombe hicho kimekuwa kisu. Wewe unaogopa mdomo wako, naye anaogopa mikono yake, na katikati yenu kuna binti ambaye ndiye mwenye ugonjwa na ndiye peke yake ambaye amefanya kazi ya kujiandaa.

Basi usimsimulie Kaari tena. Kwa nini umwelezee mlima mtu ambaye unaweza kumletea mlima? Mpigie Igoki, mwombe aje Timau Jumatano, na nina hakika kwa jinsi ulivyomwandika atakuja na gamubuti zake. Akifika usimtambulishe kwa maneno mengi. Sema, "Huyu ni Igoki," basi. Waache yeye na Kaari na Winrose waingie chumbani wafunge mlango. Wewe baki uani. Usisogee dirishani, usikohoe ili wajue uko pale, usiingie kuuliza kama wanataka chai. Kuna vitu mama anatakiwa kuviona na kuvigusa kwa mkono wake mwenyewe bila mwanaume kumfafanulia. Huenda ukasikia kilio. Kaa. Huenda ukasikia kicheko, na hicho kitakusumbua zaidi kwa sababu hutajua kinachochekesha. Kaa vilevile.

Mlango utafunguka. Kaari akitoka ameshika kikombe, jaza mdomo, mpulizie mtoto viganjani, umwambie nenda. Akitoka mikono mitupu, usimwambie kitu, usimkasirikie, mletee kiti aketi karibu aone. Halafu ingia jikoni, mimina maziwa, kishike kikombe mwenyewe kama alivyosema, umwambie nenda.

Mama Ndambiri